Neema au matendo, Roho au mwili: njia mbili zinazofanana kwa nje

Chukua waumini wawili wa kanisa moja. Wote wanafunga, wote wanatoa zaka, wote hawakosi mkesha wa maombi, na hakuna hata mmoja anayelewa wala kuzini. Ukiwapima kwa macho utasema wanakwenda njia moja. Lakini mmoja anafanya hayo yote ili Mungu amkubali, na mwenzake anayafanya kwa sababu amekwisha kukubaliwa. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwenye ratiba yao ya wiki. Inajitokeza pale mmoja anapoanguka, pale jirani yake anapobarikiwa kumzidi, na pale kifo kinapokuwa mlangoni.

Ulinganisho huu ni kwa mtu anayejiuliza amesimama upande upi. Msimamo wangu ni huu: mtu huokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na matendo mema yanafuata nyuma ya wokovu, hayautangulii. Hata hivyo maneno hayohayo nimeyasikia yakitumiwa kufunika uvivu na dhambi, kwa hiyo na hilo nitalisema bila kulipunguza.

Ujira na karama

Paulo anaweka mizani wazi katika Warumi 4:4-5. Mtu akifanya kazi, anachopokea ni ujira. Ni haki yake, na aliyemwajiri anadaiwa. Lakini yule asiye na kazi ya kuonyesha, ila anamwamini Mungu ampaye haki asiyekuwa haki, imani yake ndiyo inayohesabiwa kuwa haki, yaani Mungu anampokea kama mwenye haki. Hapo hakuna nusu kwa nusu. Karama ukiilipia hata sehemu ndogo, imegeuka kuwa mauziano. Ndiyo maana Warumi 11:6 inasema, "Lakini ikiwa ni kwa neema, haiwi tena kwa matendo, au hapo neema isingekuwa neema." Na katika Warumi 6:23 anayelipa mshahara ni dhambi, na mshahara wenyewe ni mauti. Mungu anatoa karama.

Njia ya matendo ina mvuto wake, na si vizuri kuidharau. Inauchukulia utakatifu wa Mungu kwa uzito. Inampa mtu kipimo: leo nimeomba, leo sikusema uongo, leo nimemsaidia mjane. Moyo wa binadamu unapenda kipimo. Tatizo ni maswali mawili ambayo njia hii haijawahi kuyajibu. La kwanza, kiasi gani kinatosha? La pili, yaliyokwisha kuharibika yanafutwa na nini? Matendo mema ya leo ni wajibu wa leo, hayana ziada ya kulipia jana. Anayelisema hili kwa ukali kuliko wote ni Yakobo, yuleyule ambaye wengi wanamwona kama wakili wa matendo: aishikaye sheria yote akajikwaa katika neno moja, amekosa juu ya yote (Yakobo 2:10).

Waefeso 2:8-10 husomwa mara nyingi ikaachwa katikati. Tunakariri "si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu," tunafunga Biblia. Aya inayofuata inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema, ambayo tokea awali Mungu aliyatengeneza ili tuenende nayo." Matendo yapo pande zote mbili za ulinganisho huu. Kinachobadilika ni mahali yalipowekwa.

Mwili unaofunga na kuomba

Ukimwambia Mkristo ajihadhari na mwili, kwa kawaida anafikiria zinaa, pombe na ulafi. Orodha ya Wagalatia 5:19-21 inayo hayo. Lakini tazama kilichowekwa katikati yake: uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda. Mambo manane mfululizo, na yote mtu anaweza kuyatenda akiwa amevaa joho la kwaya au akiongoza kikao cha wazee. Mwili anaousema Paulo ni mtu mzima anayejitegemea bila Mungu, pamoja na akili yake, bidii yake na dini yake.

Wagalatia wenyewe hawakuwa wamerudi kwenye ulevi. Walikuwa wanashawishiwa watahiriwe na washike siku, miezi, nyakati na miaka. Kwa macho ya kawaida hiyo ni hatua ya mbele, ni watu wanaotaka kumcha Mungu zaidi. Paulo anawauliza: "Je! Mmekuwa wajinga namna hii? Baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili?" Tohara ilikuwa agizo la Mungu kwa Ibrahimu. Ilipogeuzwa kuwa nguzo ya kuegemea ili mtu ahesabiwe haki, ikahesabiwa upande wa mwili.

Wafilipi 3 inakwenda mbali zaidi. Paulo anaorodhesha mambo ambayo mtu angeweza kuyatumainia katika mwili, na yote ni yake: alitahiriwa siku ya nane, ni wa kabila ya Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo, mwenye juhudi, asiye na lawama kwa haki ya sheria. Hakuna hata moja la kuonea aibu. Ni sifa ambazo zingempa kiti cha mbele popote. Kisha anasema ameyahesabu yote kuwa kama mavi ili ampate Kristo. Neno ni kali, na halikuangukia maovu yake. Liliangukia mema aliyokuwa ameyategemea.

Basi zile jozi mbili, neema na matendo, Roho na mwili, zinakutana hapa. Anayetafuta kibali cha Mungu kwa matendo yake anaishi kwa mwili, hata kama mwili huo unafunga siku arobaini.

Ibrahimu, na miaka 13 bila neno

Sehemu ya Maandiko inayoonyesha jambo hili kwa ukaribu kuliko zote ni maisha ya Ibrahimu, na inafaa kuifuata sura kwa sura.

Mwanzo 15, Mungu anamtoa nje usiku, anamwambia azihesabu nyota, anamwahidi uzao. Ibrahimu anaamini, na katika aya ya 6 anahesabiwa haki. Hajatahiriwa, hajamtoa mtoto, sheria ya Musa bado karne nyingi.

Mwanzo 16, ahadi inachelewa. Sara anampa mumewe Hajiri mjakazi wake. Mpango huu haukuwa wa kihuni. Desturi za wakati ule ziliuruhusu, na Mungu alikuwa bado hajataja kwamba mtoto angetoka kwa Sara. Hawakuidharau ahadi. Walitaka kuisaidia. Ishmaeli akazaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86. Aya inayofuata mara moja, Mwanzo 17:1, inamkuta ana miaka 99. Katikati kuna miaka 13 ambayo Maandiko hayaandiki neno hata moja kutoka kwa Mungu kuja kwake.

Mungu anaposema tena, anataja jina la Sara. Ibrahimu anacheka, kisha anaomba Ishmaeli aishi mbele za Mungu. Naomba usimame kidogo kwenye ombi hilo. Ni baba anampenda mwanawe, na ni mtu anayemwambia Mungu: kipokee kile ambacho nimekwisha kukizaa kwa nguvu zangu. Ombi hilo tunaliomba sana. Mungu anamsikia kuhusu Ishmaeli, anambariki kijana huyo, lakini agano analiweka kwa Isaka, mtoto ambaye hakuna nguvu ya mtu ingeweza kumleta. Isaka anazaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 100.

Paulo anapoisimulia habari hii katika Wagalatia 4, anasema mmoja alizaliwa kwa mwili na mwingine kwa ahadi, na aya chache baadaye anasema mwingine huyo alizaliwa kwa Roho. Kwa hiyo kilichoitwa mwili katika hema lile kilikuwa bidii, mipango na nia njema ya kumsaidia Mungu atimize alichosema. (Hajiri na mwanawe hawakubebeshwa kosa hilo. Mungu alimwona Hajiri jangwani mara mbili, na yeye ndiye aliyempa Mungu jina la yule amwonaye.)

Ndipo inakuja Mwanzo 22, mlima Moria, Isaka akibeba kuni. Hapo imani iliyohesabiwa katika sura ya 15 inaonekana kwa mikono na miguu.

Ukishika mpangilio huo, ugomvi maarufu kati ya Paulo na Yakobo unapungua sana. Paulo anasema katika Warumi 3:28 kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani pasipo matendo ya sheria. Yakobo 2:24 inasema mtu huhesabiwa haki kwa matendo, si kwa imani peke yake. Wote wawili wanamtaja Ibrahimu, na wote wananukuu Mwanzo 15:6. Ila Paulo anauliza alihesabiwa lini, na kujibu kuwa ni kabla ya tohara. Yakobo anaruka hadi mlimani, anasema pale ndipo andiko lile lilipotimizwa. Paulo anazungumza na aliye mlangoni akihesabu fedha za kiingilio. Yakobo anazungumza na anayesema yuko sebuleni tangu zamani, huku anamwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende zake kwa amani akaote moto. Imani ya mtu huyo, anasema Yakobo, hata mashetani wanayo, tena wao hutetemeka.

Jinsi kila njia inavyojitambulisha

Anza na sala. Katika Luka 18 watu wawili wanapanda hekaluni. Farisayo anafunga mara mbili kwa juma, ilhali Torati iliagiza mfungo wa siku moja kwa mwaka, Siku ya Upatanisho. Anatoa zaka ya mapato yake yote. Na sala yake inaanza kwa kumshukuru Mungu, jambo ambalo tunalipita haraka: mdomo wake unataja neema. Lakini macho yake yanamtazama mtoza ushuru, na hesabu yake inategemea huyo awe chini. Mtoza ushuru hana hesabu. Anasimama mbali, anajipiga kifua, anaomba Mungu amwie radhi yeye mwenye dhambi. Yesu anasema huyu alishuka nyumbani amehesabiwa haki. Hajarudisha hata shilingi ya mtu bado.

Halafu fungua sura ya 19, kuna mtoza ushuru mwingine, Zakayo. Yesu anasema anataka kushinda nyumbani kwake, anaingia, watu wananung'unika. Ndipo Zakayo anasimama na kutoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Mkono ulifunguka baada ya mgeni kuingia. Kama kungekuwa na sharti la kurudisha kwanza, sijui kama Zakayo angeshuka mtini.

Baada ya kuanguka, tofauti ni kubwa zaidi. Anayeishi kwa matendo anakaa mbali. Anajiambia, nitaomba nikishakuwa msafi kidogo. Anapanga mfungo kama faini, anatoa sadaka nene kuliko kawaida, na zikipita siku kadhaa bila kosa anaona sasa anaweza kuinua uso. Nimeongea na watu wengi wanaoishi hivi, na wengi ni wema na wanyofu kweli. Wanachoka. Anayeishi kwa neema anarudi siku ileile, bado ana matope, anaungama kwa jina kile alichokifanya, anashika ahadi ya 1 Yohana 1:9. Petro na Yuda wote walijuta makosa yao. Yuda hata alirudisha vipande thelathini vya fedha na kukiri kosa. Lakini alipeleka hatia yake kwa makuhani, nao wakamwambia aangalie mwenyewe. Petro hakuwa na cha kurudisha. Alibaki miongoni mwa wenzake hadi Yesu alipomkuta kando ya ziwa na kumuuliza mara tatu kama anampenda.

Kuhusu baraka za wengine sitachukua muda. Msikilize tu mwana mkubwa katika Luka 15: miaka mingapi nimekutumikia, na hujanipa hata mwana-mbuzi. Ni mtoto wa nyumba anayeongea kama kibarua aliyecheleweshewa malipo.

Na kifo? Yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakubatizwa, hakufunga, hakutoa zaka. Alisikia, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Watu husema basi huyo hakuwa na tendo lolote. Alikuwa nayo. Alimkemea mwenzake, alikubali kwamba adhabu yake ni ya haki, alimtetea Yesu wakati karibu kila mtu anamdhihaki. Imani ya saa chache ikiwa hai inazaa hata msalabani.

Makanisa yanapolingana na yanapoachana

Mtu anayechagua anaweza kudhani Wakatoliki wako upande wa matendo na Waprotestanti upande wa neema. Si rahisi hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 5 mwalimu wa Kikristo aitwaye Pelagius alifundisha kwamba binadamu ana uwezo wa asili wa kutii amri za Mungu. Augustino, askofu wa Hippo, alimpinga, na Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Carthage mwaka 418 ukayakataa mafundisho hayo. Mtaguso wa Orange mwaka 529 ukaongeza kwamba hata mwanzo wa imani ni kazi ya neema. Martin Luther, ambaye Uprotestanti ulianza naye, alipoibua hoja zake Wittenberg mwaka 1517 alikuwa mmonaki wa shirika lenye jina la Augustino huyohuyo. Na Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, katika tamko la Januari 1547, uliwalaani wanaosema mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake bila neema ya Kristo.

Wanapoachana ni hapa: je, haki hiyo ni ya Kristo tunayohesabiwa, au ni badiliko ambalo neema inalifanya ndani yetu na sisi tukishirikiana nalo? Luther alishika la kwanza, Trento la pili. Waorthodoksi nao husisitiza ushirikiano na kufananishwa na Mungu. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani, na si kwa stahili yoyote yetu. Wamethodisti wakaliunga mkono mwaka 2006, na jumuiya ya makanisa ya Kireformed, tawi jingine la Uprotestanti, mwaka 2017. Tofauti bado zipo, hasa kuhusu stahili na thawabu, lakini anayehubiri kwamba unajinunulia mbingu hana kanisa la kihistoria la kumtetea.

Mlango wa pili wa mwili

Sasa lile nililoahidi. Mwili ukifungiwa mlango wa sheria huzunguka ukaingilia mlango wa ulegevu. "Uhuru wenu usiwe sababu ya kuufuata mwili, bali tumikianeni kwa upendo," Wagalatia 5:13. Mtu anamdhulumu mfanyakazi wake, anamwacha mkewe, anaulizwa, anajibu kwamba yeye yuko chini ya neema. Huyo hajachagua neema. Amechagua dhambi na kuivika jina zuri. Tito 2:11-12 inasema neema hiyohiyo iokoayo ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia. Neema isiyokufundisha chochote, jiulize uliipokea kutoka kwa nani.

Je, anayepambana na dhambi kila siku yuko kwenye mwili? Hapana, na hili liwafariji wengi. Wagalatia 5:17 inasema mwili na Roho hushindana ndani ya mwamini. Mashindano ni dalili kwamba Roho yumo. Linganisha Warumi 7 na Warumi 8. Katika nusu ya pili ya sura ya 7 anayesema ni "mimi" tangu mwanzo hadi mwisho: nataka, nashindwa, nalichukia, nalitenda. Roho Mtakatifu hatajwi hapo. Sura ya 8 inafungua kwa kusema hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, na kuanzia hapo Roho anatajwa kuliko katika sura yoyote nyingine ya waraka huo. Kisha, katika aya ya 13, ndipo linakuja agizo la kuyafisha matendo ya mwili, na ni kwa Roho. Hukumu inaondolewa kwanza, vita vinafuata. Wengi wetu tunajaribu kushinda vita ili hukumu iondoke.

Kwa anayetaka kuchagua leo

Kama umechoka na dini, umehesabu mifungo na bado huna uhakika kama ukifa usiku huu utapokelewa, soma Wagalatia yote kwa mkao mmoja. Ni sura sita tu. Usiongeze zoezi jipya la kiroho kwanza. Mwambie Mungu unaacha kujitetea, na umwombe akuhesabie haki kwa ajili ya Kristo.

Kama wewe ni mtu wa "Mungu anaelewa," na kuna jambo unalijua kwa jina ambalo hutaki liguswe, anza na Warumi 6 na Yakobo 2. Kuna mtu wa kumwomba msamaha, au kitu cha kurudisha. Fanya hivyo kama Zakayo, mgeni akiwa tayari ndani.

Na kama kweli hujui uko upande upi, mtafute anayeishi nawe, mke, mume, mtoto mkubwa, au mnayekaa chumba kimoja. Msomee Wagalatia 5:22-23, mambo yote tisa: upendo, furaha, amani, uvumilivu, utu wema, fadhili, uaminifu, upole, kiasi. Muulize ni lipi analiona nyumbani na ni lipi halioni. Msikilize mpaka amalize bila kujieleza, halafu mliombee pamoja hilo asiloliona.